Baiskeli ya mzigo Rusizi: Kipi kibadilishwe, kipi kiachwe kama kilivyotoka dukani

KAMEMBE iko juu, mpaka uko chini. Atokaye mjini na gunia kwenye keria kwenda kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, kule Cyangugu ya zamani kando ya Ziwa Kivu, anashuka zaidi ya mita 100 kwa kimo kabla hajaiona Bukavu ng'ambo ya maji. Mvua ikiwa imenyesha, na huku jirani na msitu wa Nyungwe hunyesha sana, mteremko huo ndio unaopima kila nati ya baiskeli.

Anayepanda kutoka Bugarama na mchele ana mtihani mwingine. Uwanda ule, ambako mto Rusizi unaingia sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, uko karibu na mita 950 juu ya usawa wa bahari. Kamembe iko karibu na mita 1,600. Barabara ni ya lami, lakini lami haipunguzi mlima.

Baina ya mitihani hiyo miwili ndipo linapozuka swali ambalo mwenye baiskeli ya mzigo hujiuliza baada ya miezi michache ya kazi: je, faranga zilizowekwa akiba zitumike kubadili vifaa vilivyokuja na baiskeli, au ziachwe zinunue bidhaa? Kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani hayo ni mafungu mawili ya mtaji uleule. Spoku zikinunuliwa, ndoo ya sambaza haikununuliwa.

Baiskeli inayozungumzwa hapa ni ile ya chuma, ya giya moja, inayotoka India au China: ringi za inchi 28, breki za vyuma vinavyovutwa kwa fimbo badala ya waya, miguu ya pedali iliyofungwa kwa kota. Ni umbo la Kiingereza la zamani lililogoma kufa, na lina sababu ya kugoma. Kila fundi chini ya mwembe kuanzia Uvira hadi Kisumu anaijua. Tatizo ni kwamba ilibuniwa imbebe mtu mmoja anayekwenda kazini, si mtu huyo pamoja na kilo 100 za unga.

Kosa linalokula fedha za vijana wengi ni kutafuta wepesi. Pedali za aluminiamu, usukani wa baiskeli ya mashindano, kiti chembamba. Vyote vinang'aa na vyote vinauzwa. Hesabu yake ni fupi. Baiskeli ina kilo 20 na kitu, mpanda ana 60, mzigo una 100. Jumla ni kilo 180 hivi. Ukitumia fedha nyingi kupunguza kilo 2 kwenye vyuma, umepunguza sehemu moja katika 90. Mguu hautaisikia tofauti hiyo. Mwanariadha wa Tour du Rwanda anaisikia, kwa sababu yeye habebi kitu zaidi ya chupa ya maji na hushindana kwa sekunde. Mbeba mzigo akiacha nyumbani kilo 2 za viazi amepata faida ileile bila kutoa senti.

Ukitaka kujua baiskeli ya mzigo inaumia wapi, tazama gurudumu la nyuma. Keria iko juu yake, abiria anakaa juu yake, na kila shimo la barabara linapiga pale. Kwa kawaida lina spoku 40, na la mbele 32. Spoku za kiwandani zina unene wa milimita 2, na hukatika shingoni, pale zinapopinda kuingia kwenye habu. Ikikatika moja, jirani zake hubeba uzito wake, na baada ya siku chache zinafuata mbili tatu. Ringi inaanza kucheza, inasugua breki, na tairi linalika upande.

Spoku nene, za milimita 2.6, zinatibu sehemu kubwa ya ugonjwa huu. Lakini lipo jambo ambalo muuzaji hatalisema kaunta: mara nyingi haziingii kwenye matundu ya habu ya zamani, na fundi hulazimika kuyapanua. Fundi mzoefu anapanua kidogo na kwa usawa. Asiye mzoefu anaacha ukuta mwembamba kati ya tundu na ukingo wa habu, na siku moja kipande cha habu kinang'oka chote na spoku zake. Hapo kilichoharibika ni kikubwa kuliko kilichokusudiwa kutengenezwa. Kwa hiyo bei ya kweli ya spoku nene ni bei ya spoku, pamoja na kazi ya fundi, na pengine habu yenyewe.

Je, inalipa? Njia nzuri ni kuhesabu kwa safari badala ya kuhesabu kwa bei ya dukani. Chukua mfano, ambao ni wa kuhesabia tu, na kila mtu aweke bei zake: safari moja inaingiza faranga 2,000. Spoku zinakatika mara mbili kwa mwezi, na kila mara safari moja inapotea na fundi anachukua 500. Hiyo ni 5,000 kwa mwezi inayoondoka kimyakimya. Gurudumu kusukwa upya kwa spoku nene likigharimu 15,000, fedha imerudi baada ya miezi mitatu, na kuanzia hapo ni faida. Mtu ambaye spoku yake hukatika mara moja kwa miezi minne atasubiri karibu miaka miwili kurudishiwa fedha ileile. Huyo aache. Anayebeba mayai pia anahesabu tofauti na anayebeba mkaa, kwa sababu gurudumu likikunjika njiani hasara yake haiishii kwenye safari moja.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, kuna dawa ya bei ya chini: kukaza spoku zilizopo. Baiskeli nyingi hutoka kwenye boksi zikiwa zimefungwa haraka, spoku nyingine zimelegea hata kidole kinazicheza. Spoku iliyolegea hukatika upesi kuliko iliyokazwa, kwani kila mzunguko inanyooka na kulegea tena. Kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye sikio, anayezigonga moja moja na kusikiliza mlio, huongeza umri wa gurudumu kuliko watu wanavyodhani.

Breki ni habari nyingine, maana hapo hesabu si ya faranga peke yake. Breki za fimbo hubana ringi kwa ndani, na ringi ni ya chuma kilichopakwa kromiamu. Ikiwa kavu, inashika. Ikilowa, raba inateleza juu yake kama sabuni, na mwenye mzigo anajikuta akikanyaga tairi kwa soli ya kiatu. Wote wamewaona wanaofanya hivyo. Katika Burundi, waendesha baiskeli wanaoteremsha ndizi kutoka Bugarama (ya kwao, isichanganywe na Bugarama ya Rusizi) kwenda Bujumbura wamejulikana mbali kwa kuteremka na mizigo mikubwa kuliko wao, na ajali zao zimejulikana vilevile.

Wengi husema suluhisho ni kufunga breki za waya. Ni kweli kwamba ringi ya aluminiamu ikilowa hushika vizuri zaidi kuliko ya chuma. Lakini breki za waya hubana ubavu wa ringi, na ringi ya breki za fimbo haina ubavu wa kubanwa. Kwa hiyo anayebadili breki anabadili ringi; anayebadili ringi anasuka gurudumu; na breki zile kali zaidi zinataka vishikio vilivyochomelewa kwenye fremu, ambavyo baiskeli hii haina. Akienda kuchomelea, moto unadhoofisha bomba jembamba. Kitu kilichoanza kama breki kimekuwa nusu ya baiskeli mpya. Na ringi ya inchi 26 ya baiskeli za milimani haitasaidia, kwani vipande vya breki za fimbo havitaifikia.

Breki ya kurudisha pedali nyuma, iliyo ndani ya habu, haijali mvua. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa kwa baiskeli aina ya Buffalo, inayotolewa na World Bicycle Relief, shirika lililoanza mwaka 2005 na linalofanya kazi pia nchini Kenya. Waliobuni Buffalo walikuwa huru kuchagua kifaa chochote duniani, wakachagua chuma kizito, keria ya kubeba kilo 100, na kwa miaka mingi giya moja tu. Hata hivyo breki ya ndani ya habu ina udhaifu kwenye mteremko mrefu: inapata moto na kuunguza grisi. Kwa nchi tambarare ni zawadi. Kwa njia ya kutoka Kamembe inafaa ikiwa breki ya mbele nayo ni nzima, ili kazi igawanywe.

Basi anayebaki na fimbo zake afanye nini? Anunue raba bora za breki, ambazo ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vinavyofaa kubadilishwa, anyooshe ringi, akaze fimbo zote zisicheze. Na mzigo wa siku ya mvua uwe mdogo kuliko wa siku kavu. Ushauri huo haupendwi, kwa sababu siku ya mvua ndiyo siku ambayo bei ng'ambo hupanda.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho watu hukisahau: friwili. Mnyororo wa mbele ukiwa kwenye gurudumu la meno 44 na friwili ina meno 18, pedali ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda karibu mita 5 na nusu. Ukifunga friwili ya meno 22 inakwenda karibu mita 4 na nusu. Mguu unapata nafuu ya karibu sehemu moja katika tano, kwa kifaa kimoja na pengine vipingili viwili vya kurefusha mnyororo. Ni giya ya mlimani bila waya wala springi. Lakini mwenye kufikiri ajiulize njia yake ilivyo. Kwenye mwinuko mkali wenye kilo 100, kila mtu hushuka na kusukuma, na anayesukuma friwili haimhusu. Atakuwa amejipunguzia mwendo kwenye uwanda wa Bugarama bila kupata kitu mlimani. Friwili kubwa inamfaa wa katikati: mwenye mzigo wa kilo 40 au 50, kwenye vilima anavyoshindwa kwa kidogo tu.

Giya nyingi za kweli zilishajaribiwa nchini. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alianzisha Project Rwanda, akabuni baiskeli ndefu ya nyuma, yenye giya na breki kali, ili wakulima wa kahawa wafikishe matunda kwenye vituo vya kuoshea kabla hayajaharibika. Ilipandisha mizigo vizuri. Lakini mkulima aliipata kwa mkopo, na giya za namna ile zinataka waya, springi na vigurudumu ambavyo fundi wa kijijini haweki kwenye boksi lake. Kifaa bora kisichopatikana Kamembe siku kinapovunjika ni kifaa duni. Hiyo ndiyo sababu hata chukudu za mbao za Goma bado zinabeba mizigo: kila kitu chake kinatengenezwa pale pale.

Keria, kwa upande mwingine, haina mjadala mrefu. Ile ya kiwandani ni ya mkoba. Ya nondo iliyochomelewa na fundi wa mtaani, yenye miguu inayoshuka hadi kwenye ekseli, hulipa ndani ya wiki chache, mradi kuchomelea kufanyike kwenye keria na si kwenye fremu. Waliobadili keria zao mapema kuliko wote ni vijana wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, waliofunga viti vya sponji nyuma na kubeba watu kutoka boda hadi boda, hadi jina likahamia kwenye pikipiki za eneo zima.

Mwisho ni habari ya kununua upande gani wa mto. Baiskeli nyingi za pande zote mbili ni za umbo lile lile, lakini si kila kifaa kinalingana. Kota ziko za milimita 9 na za 9.5, ndogo kwenye tundu kubwa italegea na kula mguu wa pedali. Nenda na kifaa cha zamani mkononi. Na anayenunua spoku au friwili kwa jumla ili akauze ng'ambo akumbuke kwamba cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, kile cha mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Kongo ilijiunga mwaka 2022, lakini spoku iliyotengenezwa India haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imelala wiki mbili kwenye rafu ya Kamembe. Mchele wa Bugarama unaweza kuombewa cheti hicho. Boksi la friwili litaulizwa risiti.