Saa mbili kamili, ile ya kwetu

Wamama wapenzi, barua ya mkutano ikisema "saa mbili kamili", sisi wote tunajua kuisoma. Saa mbili ni saa ya kuweka maji ya kuoga motoni. Saa tatu ni ya kutafuta kitenge cha chama, ambacho binti mkubwa amekivaa kwenda sokoni. Saa nne simu inalia: "Mama, uko wapi?" "Niko njiani!" Njia hiyo ni ya kutoka jikoni hadi chumbani.

Viongozi nao wamejifunza. Wakitaka tuanze saa nne, wanaandika saa mbili. Lakini wamama wana akili. Wakisoma saa mbili wanahesabu saa nne, wanaongeza moja ya heshima, wanafika saa tano. Tukiendelea hivi, mkutano wa Jumamosi itabidi uitishwe Alhamisi.

Visingizio havikosekani. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, basi aliyechelewa saa moja anasema yeye anafuata redio ya Kinshasa. Mwingine anaona "9h" kwenye barua ya Kifaransa, anaisoma saa tisa, anafika mchana na kukuta mbuzi tu barazani.

Ajabu ni kwamba shida si umbali. Mama wa ng'ambo ya ziwa Kisale anaamka usiku, anapiga kasia, anatafuta njia katikati ya mafunjo yanayoelea, naye ndiye wa kwanza kufika. Anayekaa nyuma ya jengo la mkutano ni wa mwisho. Na huyo wa kwanza tunamshukuru vipi? Tunampa ufagio! Anafagia, anapanga mabenchi, anachota maji ya kunywa, halafu anakaa kutungoja. Akichelewa safari ijayo, mimi simlaumu.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2007, kule Abidjan, Côte d'Ivoire, walifanya sherehe ya usiku kwa ajili ya wafanyakazi wasiochelewa, na mshindi akapewa nyumba. Nyumba nzima, wamama! Sisi hata sabuni hatujatoa.

Kwenye likelemba tunacheka, pesa zinangoja. Siku ya chanjo ni jambo lingine. Chupa ya chanjo ya surua mara nyingi ni ya watoto kumi. Ikishafunguliwa na kuchanganywa na maji yake, inatupwa baada ya saa sita, hata ikiwa imebaki nusu. Ndiyo maana muganga anangoja watoto watimie kabla ya kuifungua. Sisi wa karibu tunamalizia sombe kwanza. Mama wa ng'ambo anangoja, mtoto mgongoni, upepo unaanza kuvuma ziwani. Akiona giza litamkuta majini, anaondoka, na mtoto hajachanjwa. Surua ya 2019 na mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Congo yetu, wengi wao watoto wadogo.

Kwa hiyo nitaomba mambo mawili mkutanoni. Siku ya chanjo, wenye nyumba karibu na kituo cha afya wafike kwanza, ili chupa ifunguliwe mapema na wa mtumbwi arudi mchana. Na ufagio, kuanzia sasa, ni wa anayefika mwisho. Tutapiga kura Jumamosi, saa mbili. Atakayefika saa tano atakuta tumekwisha kumchagua.