Kufuli mpe yeyote, ufunguo baki nao

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapungua)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia imeili. Wengi wetu tunapokea humo mambo mazito: habari za ndugu aliyebaki nyumbani, picha ya cheti, mahali alipojificha mtu. Je, nani mwingine anaweza kuyasoma?

Kwa kawaida, kampuni inayokupa imeili ina uwezo wa kufungua barua zako. Mwizi akiingia kwenye kompyuta zake, naye anaweza kuzisoma.

Ipo njia ya kuzifunga. Mwaka 1991, Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu iitwayo PGP. Inakutengenezea vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni ufunguo wa umma. Unaitwa ufunguo, lakini wewe uone kama kufuli: mpe yeyote, hata usiyemwamini. Anayekuandikia anafunga barua kwa kufuli hilo, na kufuli hilo haliwezi kufungua lilichofunga. Cha pili ni ufunguo wa siri. Huo ndio unaofungua, na haupewi mtu.

Na kama anayekuandikia hajui mambo haya? Huduma kama Proton Mail ya Uswisi huifunga barua kwa ufunguo wako wa umma mara inapofika. Ikishafungwa, kampuni yenyewe haiwezi kuisoma. Lakini sikiliza vizuri: kabla ya kufika, haikuwa na kufuli lako. Kwa jambo la hatari, mtumaji aifunge mwenyewe kabla ya kutuma.

Shika mambo matatu.

Kwanza, kwa PGP kinachofungwa ni barua yenyewe. Anwani hubaki wazi, na kwa kawaida kichwa cha barua pia. Mwambie ndugu yako asiandike jina la mtu pale juu.

Pili, ukisahau neno la siri na hukuweka njia ya kurejesha, barua za zamani hazitafunguka tena. Hata kampuni haitaweza kukusaidia.

Tatu, kufuli halisaidii kitu ukiacha imeili wazi kwenye simu ya kuazima. Toka kwenye akaunti kwanza, ndipo uirudishe kwa mwenyewe.

Mweleze na jirani ambaye hana redio. Tukutane kipindi kijacho, usiku mwema.

(Muziki wa kufunga)