Maumivu Sugu ya Mgongo: Uliza Kabla ya Kudungwa Sindano

Leo tunazungumza nawe ambaye mgongo umekuuma kwa miezi mitatu au zaidi. Ukiinama kufua, unashika kiuno. Ukiinua mtungi wa lita 20, maumivu yanashuka pajani hadi kwenye wayo kama umeme. Au pengine anayeumwa ni mama yako mzee, nawe ndiye unayemgeuza kitandani.

Umemeza dawa za maumivu na umejipaka dawa za kuchua, lakini wapi. Sasa umesikia kuna sindano ambayo haitulizi maumivu tu, bali inarudishia uhai neva na mifupa iliyochakaa. Bei yake ni kubwa. Jamaa wameanza kuchanga, na ng'ombe wa maziwa ametajwa. Kabla ng'ombe huyo hajafunguliwa zizini, hebu tuelezane.

Je, ni sindano gani hizi? Zinazosikika sana ni aina tatu. Ya kwanza ni maji ya sukari, yaani glukosi. Hudungwa kwenye kano zinazoshikilia mifupa ya mgongo. Wanaoitumia husema sukari huchokoza kano hizo ili mwili uanze kujitengeneza. Ya pili ni damu yako mwenyewe. Hutolewa mkononi, huzungushwa kwa kasi katika mashine, kisha sehemu yenye chembe nyingi za kugandisha damu hudungwa mahali panapouma. Ya tatu ni seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hizi hutolewa kwenye uboho wa mfupa wa nyonga au kwenye mafuta ya mwili. Wengine hutumia damu ya kitovu cha mtoto mchanga.

Je, zinasaidia? Wapo waliodungwa wakapata nafuu. Lakini kupata nafuu baada ya sindano si lazima iwe sindano ndiyo iliyokuponya. Mwaka wa 2004, watafiti nchini Australia walitoa matokeo ya utafiti wa watu 110 wenye maumivu sugu ya kiuno. Baadhi yao walidungwa maji ya sukari na wengine maji ya chumvi, bila kujua wamedungwa yapi. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu, na hapakuwa na tofauti kubwa kati yao. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka. Mtu huenda kutafuta tiba yakiwa yamepanda, na mara nyingi yangeshuka hata bila sindano. Kutunzwa na kuwa na matumaini pia hupunguza maumivu.

Kuhusu damu yako na seli shina, tafiti za mgongo nyingi ni ndogo na matokeo yake hayajakubaliana. Hata Marekani, ambako kliniki nyingi huuza tiba ya seli shina, shirika la serikali linalosimamia dawa halijaidhinisha seli hizo kwa maumivu ya mgongo.

Tena sindano hizi zaweza kuleta madhara. Mwaka wa 2018, watu 12 katika majimbo matatu ya Marekani walilazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria. Walikuwa wamedungwa bidhaa iliyotengenezwa kwa damu ya kitovu. Usaha ukiingia karibu na uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza miguu.

Kwa hivyo mama, jambo la kwanza ni kujua kinachouma. Kifua kikuu hakishiki mapafu pekee, hushika pia mifupa ya mgongo, na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Saratani nayo, kama ile ya matiti, inaweza kusambaa hadi mgongoni. Sindano haitibu magonjwa hayo, itakupotezea wakati tu. Nenda hospitali upesi ikiwa maumivu yanakuja na homa, jasho la usiku au kukonda, au ikiwa umewahi kuugua saratani. Na ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukigoma kutoka, ukifa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikilegea, usingoje kesho. Hiyo ni dharura.

Ikiwa daktari amekupima na hakuna ugonjwa huo, yapo ya kufanya kwa gharama ndogo. Mwezi wa Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Linashauri mazoezi, kukandwa na kufundishwa jinsi ya kujitunza. Halishauri kuvaa mkanda wa kiuno. Muulize mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya kaunti akuonyeshe mazoezi yanayokufaa. Tembea kila siku, usishinde kitandani. Beba maji nusu mtungi mara mbili badala ya mtungi mzima mara moja. Unapoinua mzigo, kunja magoti na uuweke karibu na tumbo. Unapomgeuza mgonjwa, omba mtu wa pili.

Na kama baada ya hayo yote bado unafikiria sindano, muulize daktari maswali matano. Kwanza, ugonjwa wangu unaitwaje? Pili, utanidunga nini hasa, na kimetoka wapi? Tatu, nisipodungwa, itakuwaje? Nne, wewe na kliniki hii mmesajiliwa na baraza linalosimamia madaktari Kenya? Tano, nitadungwa mara ngapi, jumla ni pesa ngapi, na nikipata homa usiku nitampigia nani? Mwambie pia kama una mimba, una kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Daktari mwema hatakasirikia maswali haya. Anayekuahidi kupona kabisa, au anayetaka pesa leo kwa sababu kesho bei itapanda, mshukuru na uende zako ukaulize kwingine.

Kuumwa kwako ni kwa kweli, na kutafuta nafuu ni haki yako. Lakini ng'ombe akishauzwa, harudi. Uliza kwanza, ndipo uamue.

Kwa leo tumefika mwisho. Mweleze na jirani yako uliyoyasikia. Hadi tutakapokutana tena, kwaheri.