Deni Litabaki Shilingi Ngapi?

Muulize mwanafunzi wa sekondari namba inayofuata katika mfuatano 7, 11, 15, 19, atakujibu 23 kabla hujamaliza swali. Muulize namba ya 200, ataomba karatasi. Maswali hayo mawili yanahitaji kanuni mbili tofauti. La kwanza linatosheka na kanuni rejeshi: chukua namba iliyotangulia, ongeza 4. La pili linataka kanuni ya moja kwa moja, ambayo ukiitajia nafasi tu inakupa namba yake. Kutoka namba ya kwanza hadi ya 200 kuna hatua 199, si 200 (hapa ndipo alama nyingi za mtihani hupotelea), kwa hiyo jibu ni 7 + 199 × 4, yaani 803.

Kanuni rejeshi haijakamilika bila mwanzo wake. "Ongeza 4" peke yake inaweza kuzaa 7, 11, 15 na inaweza kuzaa 1, 5, 9.

Faida ya kuwa na kanuni zote mbili haionekani vizuri kwenye mifuatano mepesi kama hii. Tuchukue mkopo. Umekopa shilingi 1,000,000, riba ni asilimia 2 kwa mwezi ya deni lililobaki, na unarejesha 50,000 kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza deni linapanda hadi 1,020,000, unalipa, linabaki 970,000. Mwezi wa pili linabaki 939,400. Wa tatu, 908,188. Kanuni rejeshi inafuata daftari la mkopeshaji mstari kwa mstari, D(n) ikiwa deni baada ya miezi n:

D(n) = 1.02 × D(n−1) − 50,000, na D(0) = 1,000,000

Baada ya mwaka utakuwa unadaiwa kiasi gani? Unaweza kurudia hesabu mara 12. Njia ya mkato inaanza na swali linaloonekana la kipuuzi: ni deni gani ambalo marejesho haya yasingelipunguza hata shilingi moja? Ni lile ambalo asilimia 2 yake ni 50,000 kamili, yaani 2,500,000. Mwenye deni hilo angelipa riba tu mpaka kufa. Wewe umeanza chini ya kiwango hicho kwa 1,500,000. Litazame pengo hilo linavyokwenda: baada ya mwezi mmoja ni 1,530,000, baada ya miwili ni 1,560,600. Kila mwezi linazidishwa kwa 1.02, basi. Kwa hiyo:

D(n) = 2,500,000 − 1,500,000 × 1.02ⁿ

Weka 12 mahali pa n, utapata takribani 597,637. Umeshatoa 600,000 mfukoni, na deni limepungua kwa 402,363 tu. Kanuni hiyohiyo inasema deni litaisha mwezi wa 26, kwa rejesho la mwisho lililo dogo kuliko mengine. Tena inafichua jambo ambalo huwezi kuliona kwa kukodolea macho safu ya tarakimu: ungekopa zaidi ya 2,500,000 kwa masharti haya, deni lingekua kila mwezi huku ukilipa bila kukosa.

Ujanja huohuo unafungua Mnara wa Hanoi, mchezo uliotolewa na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883, wa kuhamisha rundo la visahani kutoka mti mmoja hadi mwingine kati ya mitatu, kimoja kimoja, bila kikubwa kukaa juu ya kidogo. Kuhamisha visahani n, unahamisha vyote vya juu, kisha kile kikubwa cha chini, kisha unavirudisha vya juu juu yake. Idadi ya hatua ni H(n) = 2H(n−1) + 1, na H(0) = 0. Namba isiyobadilika, kama ile 2,500,000 ya mkopo, hapa ni −1, na jibu ni 2ⁿ − 1. Kwa visahani 64, ukihamisha kimoja kila sekunde, ni zaidi ya miaka bilioni 580.

Lakini kanuni ya moja kwa moja si lazima iwe nyepesi. Mfuatano wa sungura katika kitabu cha Leonardo wa Pisa cha mwaka 1202, yule aitwaye Fibonacci, hujumlisha namba mbili zilizotangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8. Kanuni yake ya moja kwa moja, inayoitwa kwa jina la mwanahisabati Binet, imejaa kipeuo cha pili cha 5, na bado hutoa namba nzima kila mara. Kuipata namba ya 10, ambayo ni 55, vidole vinawahi kuliko kanuni hiyo. Thamani yake iko kwingine: inaeleza kwa nini kila namba inakaribia kuwa mara 1.618 ya iliyotangulia.

Ndiyo maana siafiki kanuni rejeshi inapofundishwa kama hatua ya watoto. Tuseme mwezi wa nne umeuguza, ukalipa 20,000 badala ya 50,000. Ile kanuni nzuri ya mwezi wa 26 haifai tena. Itabidi uiunde upya. Kanuni rejeshi inachukua 908,188, inazidisha kwa 1.02, inatoa 20,000, inaandika 906,351.76, na mwezi wa tano unaanzia hapo.