Dau, Dadu na Amri ya Saba: Kuhusu Mchezo wa Bakigamoni kwa Fedha

Kijana mmoja wa usharika tuliowahi kuutumikia, ambaye alikuwa baharia, alirudi likizo akatuletea bahasha ya sadaka ya shukrani kwa ajili ya bati za kanisa. Katika mazungumzo alieleza bila kuficha kwamba fedha hizo hazikutoka katika mshahara wake, bali alizishinda kwa mabaharia wenzake katika mchezo wa bakigamoni. Akaongeza, "Hii siyo kamari, Mchungaji, ni mchezo wa akili." Siku ile hatukuwa na jibu, maana hatukuujua mchezo wenyewe. Makala hii yakusudia kuwasaidia watumishi wenzetu wasipungukiwe kama sisi: kwanza kuuelewa mchezo, ndipo kuupima.

1. Mchezo Wenyewe

Bakigamoni huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye pembetatu 24. Kila mmoja ana kete 15, naye huzisogeza kwa kadiri ya dadu mbili anazorusha, mpaka azifikishe zote katika robo yake ya nyumbani na kuzitoa nje ya ubao. Anayemaliza kwanza hushinda. Kete iliyo peke yake yaweza kupigwa na mpinzani, ikalazimika kuanza safari upya. Waturuki huuita mchezo huu tavla, na Waarabu wengi tawla. Katika mikahawa ya huko mara nyingi anayeshindwa hulipa chai tu. Mchezo wenyewe, basi, hauna neno. Swali letu laanza pale fedha inapowekwa.

2. Dadu ya Kuzidishia Dau

Katika miaka ya 1920 wachezaji wa New York walianza kutumia kanuni ya kuzidisha dau, na baadaye ikatengenezewa dadu yake ya pekee, iliyoandikwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Dadu hii hairushwi. Mchezaji anayejiona yuko mbele huielekeza kwa mwenzake, maana yake: "Dau na liwe maradufu." Mwenzake akikataa, hulipa dau lililopo na mchezo huisha. Akikubali, mchezo huendelea kwa dau mara mbili, na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuzidisha safari ijayo.

Hesabu yake yafaa kuangaliwa kwa makini. Tuchukulie mtu ambaye katika michezo minne atashinda mmoja tu. Akikataa mara zote nne, hupoteza dau nne. Akikubali, hupoteza sita katika michezo mitatu na kupata mbili katika mmoja. Hasara ni nne zile zile. Kwa hiyo, akiwa na tumaini kubwa kidogo tu kuliko robo, hesabu humshauri akubali. Tazameni jambo hili: ni mchezo ambao akili yake yenyewe humfundisha anayeelekea kushindwa kuongeza deni lake.

Tena, anayeshindwa kabla ya kutoa hata kete moja hulipa mara mbili, na ambaye kete yake ingali katika nyumba ya mshindi, au imepigwa na haijarudi ubaoni, hulipa mara tatu. Aliyeanza na dau la shilingi 1,000, likazidishwa mara tatu, anacheza kwa shilingi 8,000. Naye aweza kuinuka akidaiwa 24,000.

3. Ni Ustadi au Ni Bahati?

Hoja ya baharia wetu si ya kupuuzwa. Mwaka 1982 mahakama moja katika jimbo la Oregon, Marekani, iliamua kwamba bakigamoni ni mchezo wa ustadi. Mwaka 1992 Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM alieleza juu ya programu yake, TD-Gammon, iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe hata ikakaribia mabingwa wa dunia. Kama ingekuwa bahati tupu, pasingekuwa na la kujifunza.

Lakini hoja hii yamgeukia mwenyewe. Ikiwa ustadi hushinda, basi stadi akaapo na mwanafunzi kwa fedha, anajua mapema fedha itakwenda wapi. Siku hizi mchezo huchezwa pia kwa njia ya intaneti, na mtu hawezi kujua kama mpinzani wake ni mwanadamu au ni mtu anayenong'onezwa na programu. Naye mwenye ukumbi huchukua sehemu yake. Wawili wenye ustadi sawa wakiweka shilingi 10,000 kila mmoja, na ukumbi ukakata asilimia 5 ya jumla, baada ya michezo 20 ukumbi umechukua shilingi 20,000, yaani kiasi chote walichoweka katika mchezo wa kwanza.

4. Ushuhuda wa Kanisa la Kale

Babu wa mchezo huu ni tabula ya Warumi. Mshairi Agathias alisimulia jinsi Kaizari Zeno, katika karne ya 5, alivyorusha dadu tatu zikaangukia 2, 5 na 6, na kete zake zikatawanyika ovyo. Kanuni za Mitume, zilizokusanywa katika karne ya 4, zaagiza kwamba askofu, kasisi au shemasi anayeng'ang'ania dadu aache, la sivyo aondolewe. Nazo sheria za Kaizari Justiniano, katika karne ya 6, ziliwakataza makasisi kucheza tabula.

5. Tathmini

Hatusemi kwamba dadu ni najisi. Mitume walipiga kura (Mdo 1:26), lakini kura ile haikuwa na dau, wala hakuna aliyekwenda nyumbani amenyang'anywa. Askari chini ya msalaba nao walipiga kura (Yn 19:24), nao waligawana nguo za mtu aliyevuliwa.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anaieleza Amri ya Saba kwa pande mbili: tusichukue mali ya jirani, tena tumsaidie kuilinda na kuiongeza. Hapa ndipo dau linapokwama. Mkulima naye hubahatisha mvua, lakini mavuno yake si njaa ya jirani. Katika biashara ya haki wote wawili hupata. Katika dau, faida yangu ni hasara ya mwenzangu, shilingi kwa shilingi, nami yanipasa kuitamani. Wengine husema, "Alikubali mwenyewe." Alikubali kucheza akitumaini kushinda, hakukubali kutoa zawadi.

6. Ushauri

Thomas wa Akwino, alipojadili sadaka za namna hii katika karne ya 13, alifundisha kwamba kilichopatikana kwa hila, au kwa mtu asiye na mamlaka juu ya mali, lazima kirudishwe. Kwa hiyo mchungaji asianze kwa kuuliza kama mchezo ni wa akili. Aulize: ni nani aliyelipa, naye ana nani nyumbani? Kisha amrudishie mwumini bahasha kwa upendo, amshauri arejeshe kwa aliowashinda, na amkaribishe kuleta kidogo cha jasho lake.

Sisi hatukufanya hivyo. Tuliipokea bahasha, tukaiombea, na bati zikanunuliwa. Hatukuuliza ni nani aliyelipa. Twaandika haya ili ndugu zetu wanaojiandaa kwa utumishi waulize.