Lubumbashi: Nimonia ya mtoto haingojei mama arudi kutoka sokoni

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya asubuhi inapokaza mjini Lubumbashi na vumbi kujaa barabarani, watoto wengi wanaanza kukohoa. Kwa wengi ni mafua tu, yanapita. Kwa wengine ugonjwa unashuka mapafuni na kuwa nimonia, na hapo saa chache zinaweza kuamua kama mtoto atapona. Takwimu za UNICEF zilizotolewa mwaka 2019 zilionyesha kwamba nimonia iliua watoto zaidi ya elfu 800 wa chini ya miaka mitano ulimwenguni mwaka 2018. Kongo pekee ilipoteza karibu elfu 40.

Mama anayeuza mboga anatoka nyumbani kabla jua halijatoka. Anayefuata bidhaa Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, anaweza kurudi usiku. Baba yuko kwenye pikipiki ao machimboni. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka 12, na jirani, ao na nyanya (nkambo, kama tunavyosema hapa). Wazazi wanarudi mtoto amekwisha kulala. Wanamgusa, wanasikia joto, wanasema: ni malaria.

Hapo ndipo siku zinapotea. Malaria na nimonia zote zinaleta homa, zote zinamchosha mtoto na kumnyima hamu ya kula. Mzazi anapita farmasi ya karibu, ananunua dawa ya malaria na siro ya kikohozi, kisha anangoja. Lakini dawa ya malaria haiponyeshi nimonia, na siro haiui vijidudu vilivyo mapafuni. Tena mtoto mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata kama kipimo kimeonyesha malaria, lazima mtu aangalie pia namna mtoto anavyopumua.

Kuangalia huko hakuhitaji masomo ya udaktari. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo yake na uhesabu mara ngapi kifua kinapanda katika dakika moja nzima. Saa ya simu inatosha. Usihesabu robo dakika na kuzidisha mara nne, maana mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Kwa OMS, pumzi ni za haraka kupita kiasi zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Angalia pia chini ya mbavu: kama sehemu hiyo inaingia ndani mtoto anapovuta hewa, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa. Asiyeweza kunyonya ao kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, ao aliyelegea na haamki, huyo ni wa hospitali palepale, hata ikiwa saa nane za usiku.

Lakini nani atahesabu? Mashauri haya kwa kawaida anapewa mama, na saa nne asubuhi mama yuko sokoni. Anayepaswa kufundishwa ni yule anayebaki na mtoto. Dada wa miaka 12 anaweza kuhesabu mpaka 50. Nyanya naye mara nyingi anaona hatari mapema kuliko wote, ila anaogopa kutoka na mtoto bila neno la baba, na hajui nani atalipa. Jambo hilo linamalizwa siku mtoto ni mzima: ruhusa itolewe, karti ya chanjo ikae mahali panapojulikana, pesa ya pikipiki iwekwe kando, na namba ya simu iandikwe ukutani.

Chanjo zinasaidia sana. Kongo iliingiza ile ya pneumokoki katika ratiba yake mwaka 2011. Inatolewa kwenye wiki 6, 10 na 14. Ya surua inafuata kwenye miezi 9, na surua yenyewe ni njia mojawapo ya kupata nimonia. Kuhusu mbabula, tuseme wazi: kuiingiza chumbani usiku kwa sababu ya baridi ni hatari. Moshi unaumiza mapafu ya mtoto, na hewa ya makala katika chumba kilichofungwa inaweza kuua nyumba nzima.

Nimonia isiyo kali inatibiwa nyumbani kwa amoksisilini ambayo muuguzi ameandika, si ile iliyobaki ya kaka yake. Dawa imalizwe hata kama mtoto ameanza kucheka. Iliyo kali inataka hospitali, sindano na oksijeni, na mzazi anakaa kitandani siku kadhaa bila kuuza chochote. Akina mama wengi wa soko wako katika likelemba. Wakikubaliana mapema kwamba zamu inaweza kusogezwa kwa mwenye mtoto mgonjwa, na kwamba jirani atauza kwenye meza yake, mama hatalazimika kumtoa mtoto hospitalini kabla ya wakati.

Aliyetibiwa nyumbani arudishwe kituoni siku ya tatu. Pumzi zake zikizidi kuwa za haraka kabla ya hapo, asingoje siku hiyo.