Dodoso la mtandaoni Bulyanhulu: nani hatakujibu?

Tuseme unataka kujua wakazi wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, wanasumbuliwaje na vumbi la barabarani. Unatengeneza dodoso, unarusha linki kwenye magrupu ya WhatsApp, kesho yake una majibu 300. Safi, eh? Ngoja kwanza.

Bibi mwenye simu ya kitochi, anayeongea Kisukuma zaidi kuliko Kiswahili, hayumo humo. Mchimbaji mdogo asiye na bando naye hayumo. Na wingi wa majibu hautakuokoa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, na wengi waliotumiwa hawakujibu. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48!

Kwa hiyo anza na orodha ya kaya, linki ije baadaye. Omba orodha hiyo kwa viongozi wa mtaa au kijiji, chagua kaya kwa nasibu. Wenye simu janja watumie linki. Wengine wafuate nyumbani na KoboToolbox, inayojaza fomu hata bila intaneti.

Swali kama "vumbi na kelele vinakusumbua?" ni maswali mawili, litenganishe. Jina usiulize kama huna kazi nalo: mwenye ajira mgodini akihisi bosi wake ataona, atakuandikia tu kwamba kila kitu kiko poa.